Bata wa bei mbaya, ngozi imelegea

Mgahawa wa Kichina wa kifahari pale Masaki, vitambaa vyeupe mezani, mhudumu kavaa tai, halafu unaletewa bata wa Peking mwenye ngozi iliyolegea kama mpira wa ndala. Hapana, jamani! Sifa yote ya bata huyu ni ngozi. Anapakwa sharubati ya kimea, anatundikwa akauke kwa saa nyingi, ndipo anaingia tanuri. Ukimng'ata, ngozi inatakiwa ivunjike kwa mlio. Wetu alikuwa kapashwa moto tu, mafuta yameganda pembeni ya sahani, na vile vichapati vyembamba vya kumfungia vimekauka kingo, ukivikunja vinapasuka.

Na ile tofu (soya iliyogandishwa) ya mtindo wa Sichuan, jimbo la China, ambayo pilipili yake inatakiwa kukutia ganzi ulimini, ilikuwa na ladha ya tomato sosi. Tomato! Nikamuuliza mhudumu, akanijibu eti wateja ndivyo wanavyopenda. Wateja gani hao?

Bili ikaja laki mbili na ushee, watu wawili. Kwa hela hiyo nilitaka bata aliyechomwa siku hiyohiyo, na meneja wa kuja mezani kutusikiliza, siyo kututumia vipande vya tikiti maji vya ofa.