Tumemtwika mtu mmoja kazi ya watu sita

Kila nikikutana na mpiga muziki wa ridhaa hapa Jinja, Uganda, iwe sokoni au tukingoja teksi ijae, wimbo ni ule ule: muda hakuna. Mwenye adungu, kile kinubi cha Waaluru, nyuzi zake zimelegea tangu Krismasi. Mwenye gitaa amelitundika ukutani, watoto wanalikwaruza wakipita. Aliyenunua kompyuta ya mtumba ili arekodi nyumbani ana nyimbo nusunusu zimejaa kwenye diski, na hata moja haijafika mwisho. Wote hao ni watu wa kazi: walimu, mafundi gereji, wauza spea, vijana wa bodaboda, watu wa viwandani wanaopangiwa zamu ya usiku wiki hii na ya mchana wiki ijayo. Kwamba wamechoka, siwabishii. Ninachobisha ni dawa wanayoitafuta, yaani saa zaidi.

Saa zaidi hazitapatikana, na zikipatikana zitaliwa vile vile. Tumeiga namna ya kufanya muziki inayomtaka mtu mmoja apige ngoma, apige besi, aimbe, arekodi, asafishe sauti, atengeneze picha ya jalada, aupeleke wimbo mtandaoni kisha akae ahesabu waliousikiliza. Hiyo ni kazi ya watu sita, na anayeifanya ametoka zamu saa moja jioni, hajala. Cha ajabu ni kwamba sisi, wa nchi hii hasa, tumezungukwa na ala zilizobuniwa ili kazi igawanywe.

Tuanze na embaire, kwa kuwa niko Busoga na Wasoga hawatanisamehe nikianzia kwingine. Ni marimba moja kubwa, vibao vyake vimelazwa juu ya vigogo vya migomba, na vijiji kama Nakibembe huchimba shimo chini yake ili sauti nzito ipate pa kuvumia. Wanaikalia watu watano, sita, wakati mwingine zaidi, huku na huku. Hakuna anayepiga wimbo mzima. Kila mmoja ana kipande chake kifupi anachokirudia, na kipande hicho peke yake hakina maana yoyote. Kikiingia kati ya vipande vya wenzake ndipo wimbo unatokea. Amadinda ya Buganda ni hivyo hivyo: vibao 12, wapigaji watatu. Wa kwanza anaanza, wa pili anapenyeza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, wa tatu ana vibao viwili tu vya kuangalia, vile vidogo vya mwisho. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyekuja kujifunza kwa Evaristo Muyinda, mpiga muziki wa ikulu ya Buganda, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika sana kuhusu jambo ambalo kila aliyewahi kukaa karibu na amadinda analijua masikioni mwake: unasikia nyimbo ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga.

Bigwala, baragumu za vibuyu za Wasoga, zimeenda mbali zaidi. Kila baragumu hutoa sauti moja. Moja! Mpigaji kazi yake ni kujua lini apulize na lini anyamaze. Na entenga, ngoma za Kabaka, mfalme wa Buganda, zilizopangwa kwa sauti, zilikuwa 15 na wapigaji sita: wanne kwenye zile 12 za wimbo, wawili kwenye tatu zilizobaki.

Najua utaniambia wapiga entenga walikuwa watu wa ikulu, kazi yao ilikuwa hiyo hiyo, hawakuwa wa ridhaa. Kweli. Lakini umbo la muziki halijali nani analipwa. Muziki uliokatwa vipande sita unamdai kila mtu sehemu ya sita ya mazoezi, na mgeni anaweza kupewa kile kipande chepesi leo jioni akaondoka nyumbani akiwa amepiga. Nani mwingine anayempa mtu aliyechoka furaha ya namna hiyo siku ya kwanza? Gitaa? Gitaa litakutesa vidole miezi kadhaa kabla halijakubali kukuimbia.

Sisi hukutana Walukuba, mtaa uliokua pamoja na viwanda vya Jinja, wakati bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na watu wakamiminika kutoka kila upande wa nchi na nje yake. Ndiyo maana Kiswahili hapa hakihitaji kufundishwa darasani. Kwenye kikundi chetu kuna Mualuru mwenye adungu, Muacholi mwenye lukeme, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, Wasoga wa marimba, na mzee mmoja wa matali ambaye kila mtu humwita Baba Hajati na ambaye akisema wimbo umeharibika, umeharibika. Tungesema tungoje wote tuelewane kwa lugha moja ya nyumbani, tungekuwa bado tunasalimiana.

Shida yetu kubwa haikuwa lugha, ilikuwa sauti. Adungu za siku hizi nyingi hufungwa kwa ngazi ya do-re-mi, maana kazi yake kubwa ni kanisani, kuandamana na kwaya. Embaire ina hatua tano zinazokaribiana kwa upana, na hakuna hata moja inayokaa sawasawa juu ya kinanda. Ukiiwekea ile programu ya simu ya kupimia sauti, mshale unabaki kwenye nyekundu siku nzima, na kijana asiyejua ataanza kuchonga vibao vya watu ili simu ifurahi. Tulivutana sana juu ya hili. Mwishowe adungu ndiyo iliyokubali kuja, kwa sababu uzi unakazwa na kulegezwa, lakini kibao ukishakichonga umekichonga. Muafaka huo ulitugharimu jioni moja ya kubishana. Mtu aliye peke yake na kompyuta asingeugundua kabisa, kwa sababu kompyuta ilishamwamulia.

Sasa kuhusu kuunda ala. Watu wengi huona hii ndiyo anasa kuliko zote: kama muda wa kupiga haupo, wa kuchonga utatoka wapi? Mimi naona kinyume. Kuunda ndiyo kazi inayomfaa zaidi mwenye ajira, maana sehemu kubwa ya kuunda ni kungoja. Mti wa lusambya, unaopendwa kwa vibao vya amadinda, ukipasuliwa ukiwa mbichi lazima ukauke, na ukauke polepole kivulini, la sivyo utapasuka. Huko ni kungoja miezi. Hausimami kuutazama. Unakwenda kazini, unarudi, wenyewe unaendelea na kazi yake. Ngozi ya ng'ombe unaitandaza juani na kuipigilia vigingi, unakwenda zako. Siku ya kuwamba unailoweka tangu usiku, asubuhi imelainika, unaiwamba ikiwa na maji, halafu unaiacha tena siku kadhaa ikaze. Ukijumlisha saa ambazo mikono inafanya kazi kweli, utashangaa zilivyo chache. Mafundi wa Mpambire, kule barabara ya Masaka ambako ngoma zimepangwa kando ya lami, wao wana ngozi nyingi katika hatua tofauti, kwa hiyo hawakai bure. Wewe una moja. Acha ikauke.

Na kutune vibao ni kazi ya dakika kumi kumi, ya jioni, ukiwa na panga na subira. Ukipunguza mti chini ya kibao, katikati, sauti inashuka. Ukipunguza nchani, sauti inapanda. Basi, hiyo ndiyo siri yote, iliyobaki ni sikio na woga wa kuondoa zaidi ya kiasi. Unapunguza kidogo, unagonga, unakilinganisha na jirani yake, unakiweka chini, unakwenda kula. Kesho sikio ni jipya.

Vifaa vingine hata havihitaji safari. Nyuzi za adungu siku hizi ni mshipi wa nailoni, ule ule wa wavuvi, na Jinja iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwa hiyo maduka yake yapo. Vijiti vya chuma vya lukeme hutengenezwa kwa spoku za baiskeli au mbavu za mwavuli uliokufa, ukazigonga zikawa bapa. Endongo, ala ya nyuzi, ya kizamani ilitaka ngozi ya kenge. Kenge mwacheni porini, mbuzi anafaa, ingawa mzee wetu ataguna kwamba ule mkwaruzo mtamu umepungua, na atakuwa amesema kweli.

Kuunda kuna faida nyingine: aliyechonga kibao hawezi kukiacha kivumbike. Mwenye kununua anaweza. Nimeona vinanda vya bei mbaya vimefunikwa vitambaa vya sebuleni kama maiti, na mwenye nyumba anakuambia atakuja kujifunza akistaafu.

Bigwala wametupa somo la kungoja kuliko wote. UNESCO ilipoziweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wapigaji waliobaki walikuwa wazee wachache, na vibuyu vyenyewe vilikuwa adimu. Walioanza kuzifufua ilibidi kwanza wapande mbegu. Fikiria: unataka kupiga muziki, unaanza na jembe. Sijui studio ya nyumbani iliyo na subira hiyo.

Nimefika kwenye kurekodi, na hapa najua nitagombana na vijana. Mimi nasema kurekodi ndiko kunakokula muda wenu. Sisemi msirekodi. Bila watafiti wa muziki Hugh Tracey na Klaus Wachsmann kubeba mitambo yao huku mwanzoni mwa miaka ya 1950, leo tungebaki kukisia entenga ilivyolia kabla ikulu ya Kabaka kule Mengo haijashambuliwa Mei 1966 na wapigaji wakatawanyika. Rekodi zile zina thamani isiyopimika. Lakini angalia walirekodi nini: watu wanaopiga pamoja, kwa mkupuo mmoja, muziki ambao walikuwa wanaujua hata kama mgeni na mtambo wake wasingekuja. Mtambo ulifika mwisho.

Sasa mtambo unafika kwanza. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, tena mwenye kipaji, aliamua kurekodi amadinda peke yake: apige sehemu ya kwanza, aisikilize kwenye spika za masikio, apige ya pili juu yake, kisha ya tatu. Jioni baada ya jioni. Umeme ukikatika, anaanza upya. Kilichotoka ni safi kama sahani iliyooshwa, na hakina uhai, kwa sababu katika amadinda yule wa pili humsukuma wa kwanza na wa kwanza humjibu, mwendo unapanda bila mtu kuamuru. Rekodi haisukumwi. Watatu tulikaa tukaupiga ule ule Jumapili mchana, simu imewekwa juu ya ndoo hatua chache kutoka kwetu, ukaisha kabla chai haijapoa. Kuna kuku ndani yake. Bado ndio ninaousikiliza.

Simu inatosha kwa wengi wetu, ukijua tabia zake. Usiiweke karibu na vibao vizito, itavimeza vidogo. Usiiweke mezani, meza hutetemeka. Na kama ina mpangilio wa kuondoa kelele, uzime, kwa maana ule mvumo wa vipete vya lukeme, ambao fundi ameuweka kwa makusudi, simu huuona ni kelele na kuufuta. Programu za kunyoosha sauti ni vivyo hivyo: zitaichukua ngazi yetu ya hatua tano na kuivuta hadi kwenye kinanda. Mwamba ngoma huvutia kwake, na waliowamba programu hizo hawakuwa Busoga.

Kuhusu kupeleka mtandaoni nina machache. Bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na wasikilizaji wetu wa kweli wanakaa umbali wa kutembea.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo ni nzito, na wenzangu huniambia usoni: kuwakutanisha watu sita ni kugumu kuliko kukaa peke yako. Zamu hazilingani. Huyu ana msiba, yule ana mtoto anaumwa, nauli imepanda, mvua imenyesha Masese na barabara haipitiki. Yote ni kweli. Jibu langu ni kwamba muziki wa vipande unastahimili mapengo. Tukiwa wanne tunapiga ya wanne. Asipokuja wa vibao vidogo, mtoto wa mwenye nyumba anaingia. Na siku tuliyoiweka haibadiliki kwa sababu ya mtu mmoja, maana tukianza kuibadilisha itabadilika mpaka ipotee. Kwaya za makanisa zinalijua hili zamani, na ndiyo sababu mazoezi ya Jumamosi yanafanyika watu wakiwa na kazi, ndoa na madeni kama sisi.

Majirani ndio wanaostahili huruma. Nyumba za kupanga zina kuta nyembamba, na aliyetoka zamu ya usiku anataka kulala mchana. Tunapigia nje, chini ya mwembe, na tunamaliza kabla ya giza. Mama mmoja aliyekuwa akitulalamikia sasa hutuletea kiti chake, ingawa sidhani ni kwa kupenda. Nadhani anataka kuhakikisha tunanyamaza kwa wakati.

Kwa sasa kikundi kina ubishi mwingine. Michango yetu imetosha kununua kimoja: maikrofoni nzuri, au gogo la lusambya la kuundia amadinda ya pili ili wanaosubiri zamu yao wasikae bure. Vijana wanataka maikrofoni, na wana hoja zao. Mimi kura yangu nimeshaipeleka kwenye gogo, na nimewaambia kama wananunua, wanunue kabla ya mvua za Machi, maana baada ya hapo halitakauka vizuri.