Joto lisisingiziwe peke yake

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema samaki wa mto Oder, mpakani mwa Poland na Ujerumani, walikufa Agosti 2022 kwa joto na ukame. Hiyo ni nusu ya habari! Joto lilichangia, sawa. Lakini waliouawa waliuawa na sumu ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, Prymnesium parvum, na mwani huo hupenda maji ya chumvichumvi. Ulistawije mtoni, mamia ya kilomita kutoka baharini? Maji ya chumvi yanayomwagwa na migodi ndiyo yaliyouandalia makao. Sumu yake huharibu matamvua: samaki anakosa pumzi akiwa majini, kisha anaelea tumbo juu. Samaki waliokufa wanakadiriwa kuwa tani 360. Na kome na konokono je? Wao wanaozea chini kwenye tope, nani aliwahesabu?