Kugawanya kulikogeuka kutoa: miwani, shule na watoto wetu wa Malindi

Daftari la hesabu la mpwa wangu ninalo hapa nyumbani, la mwaka juzi akiwa gredi 4, na kuna ukurasa mmoja umejaa makosa mekundu kutoka juu mpaka chini. Ni hesabu za kugawanya. 48 gawanya kwa 6, yeye kaandika 42. 35 gawanya kwa 5, kaandika 30. 63 gawanya kwa 9, kaandika 54. Chini kabisa mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu "mvivu, hasikizi". Ukipitisha jicho haraka utasema huyu mtoto hajui kitu, lakini hebu ziangalie tena pole pole, kila jibu ni sawa kabisa kama ile hesabu ingekuwa ya kutoa. Vile vidoti viwili vya alama ya kugawanya ubaoni, cha juu ya mstari na cha chini yake, kutoka dawati la nyuma alikuwa havioni. Aliona mstari peke yake, kwa hiyo alitoa, na hakukosea hata moja.

Na si sisi wa nyumbani tuliogundua. Ni ustadhi wake wa madrasa ndo aliyemwambia dada yangu kwamba huyu mtoto akisoma anainama mpaka pua inataka kugusa msahafu. Muhula mzima ulikuwa umeshapita.

Naandika haya kwa sababu ya kikao cha wazazi nilichohudhuria juzi hapa Malindi. Mama mmoja alisimama akaomba shule itafute njia watoto wapimwe macho palepale shuleni, na ambao wazazi wao hawana uwezo wapewe miwani bure. Mzee mmoja wa bodi akamjibu, "Watoto waja na njaa, walimu hawatoshi, nyinyi mwataka miwani? Na mkiwapa hawatavaa, mtaona." Watu wakapiga makofi, ajenda ikaendelea kwa vyoo, ile hoja ikafia hapo. Mimi pia sikusema kitu siku ile.

Yule mzee simdharau, alichosema kina uzito na tukipime vizuri. Pesa ya shule ni ile ile moja, ukiipeleka huku inapungua kule, na mtoto mwenye njaa hata umvalishe miwani ya dhahabu hatasoma. Walimu nao wana mzigo, darasa lina watoto wengi kupita kiasi halafu umpe kazi ya kupima macho pia, lini atafundisha? Kuna na ule wasiwasi wa kambi za siku moja, wageni wanakuja na gari, wanapima, wanapiga picha, wanaondoka, miezi mitatu mbele kioo kimetoka kwenye fremu na hakuna wa kumuuliza. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Wengine huogopa kwamba biashara itaingia, kila mtoto aambiwe ana shida ili miwani iuzwe. Haya yote ni kweli yanatokea na mwenye kutetea miwani shuleni asiyajibu kwa mkato.

Ila lile la "hawatavaa" ndo linalonisumbua, manake ndilo lililoua hoja, na ndilo watu wanalolirudia kama kwamba limeshathibitishwa.

Kwa kweli limepimwa, tena karibu na sisi. Dar es Salaam walifanya utafiti kwenye shule za sekondari, matokeo yakachapishwa 2008. Wanafunzi wenye shida ya kuona waliwagawa makundi mawili, wengine wakapewa miwani bure, wengine wakapewa karatasi tu ya vipimo wakanunue wenyewe. Baada ya miezi mitatu wakarudi kuangalia. Waliopewa bure, waliokuwa wakiitumia au wako nayo shuleni walikuwa 47 kwa kila 100. Waliopewa karatasi, 26 kwa kila 100.

Yule mzee akiisikia 47 atasema si nimewaambia, hata bure zaidi ya nusu hawavai. Na mimi hii namba nimekaa nayo siku nyingi, naigeuza huku na huku, nikaona ina mambo mawili ndani. La kwanza, karatasi peke yake ni 26, na karatasi ndo utaratibu tulionao sisi sa hivi kwa yule mtoto aliyebahatika kupimwa: unapewa karatasi, haya nenda kanunue. Kwa hiyo ukisema 47 ni kidogo usiifute, jua unabaki na 26. La pili ni hawa 53 waliobaki, kwani wako wapi na miwani yao iko wapi? Watu huchukulia kwamba wameitupa, au hawaitaki, au ni utoto tu. Kwenye ule utafiti watoto wenye maiopia, yaani wale wasioona ubaoni, ndo walioelekea zaidi kuivaa. Manake anayeiona faida papo hapo anavaa, na yule ambaye shida yake ni ndogo haoni tofauti, anaiacha. Hapo kosa si la mtoto, ni la aliyegawa miwani bila kuchuja.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo mtu anayehesabu kwa kuchungulia darasani hataijua. Mpwa wangu alipopata miwani, wiki tatu za mwanzo alikuwa haendi nayo shule. Ukienda kumhesabu ungemuandika "havai". Kumbe dada yangu alikuwa anaifungia kabatini, kwenye mfuko mmoja na vyeti vya kuzaliwa, anaitoa siku ya mtihani na siku ya kwenda harusini. Alikuwa anaiogopea. Mumewe ni mvuvi, ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka na mashua ziko ufukweni, na kile kitu ndicho cha bei kubwa kuliko vyote alivyowahi kumiliki yule mtoto. Ikivunjika nyingine itatoka wapi? Kwenye nyumba ya maskini kitu kinaweza kufungiwa kabatini kwa sababu kinathaminiwa kupita kiasi, na ukikihesabu umekihesabu kwenye fungu la vilivyodharauliwa.

Tulichofanya, tulichangishana kama familia tukamtafutia ya pili ikae nyumbani, ya kwanza tukaenda nayo shuleni tukamkabidhi mwalimu wa darasa, ikawa inalala kwenye droo yake. Asubuhi anaichukua, jioni anairudisha. Basi. Akavaa. Wenzake walimwita "macho manne" kama wiki mbili hivi, mwalimu akawaita wale vinara akawavalisha kwa zamu wauone ubao ulivyo mwenzao akikosa miwani yake, kwa sababu lenzi za mtu mwingine zinaweza kukutia ukungu, na kelele zikaisha zenyewe.

Sasa kuna watakaosema sawa miwani tunaikubali, lakini kwa nini shuleni, kwani hospitali si ziko? Kitale walilijaribu hilo. Matokeo yalitoka 2018, shule 50 na watoto karibu 20,000, na waliopima ni walimu wenyewe. Kundi moja walimu walitumia simu, wazazi wakatumiwa ujumbe wa kukumbushwa na wakaonyeshwa picha ya vile mtoto wao anavyoona. Kati ya watoto walioonekana wana shida, waliofika hospitali walikuwa 54 kwa 100. Kundi la njia ya kawaida, 22 kwa 100. Ni hatua kubwa kweli, nawapongeza, lakini angalia hata kwa kukumbushwa kote huko, karibu nusu hawakufika. Sasa tuhamishe hiyo hesabu Lamu, mtoto yuko visiwani, Kizingitini au Ndau, hospitali kubwa iko mjini Lamu. Ni boti, ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, ni siku ya kazi imepotea, na kwenye kusi kali kuna siku huendi kabisa. Na miwani hupati siku ile ile, unaambiwa urudi. Mzazi asipokwenda usimwite mzembe. Shule ndo mahali pekee ambapo mtoto anakuwepo bila nauli ya ziada, siku tano kwa wiki.

Faida yenyewe ipo au ni maneno? China, mikoa ya Gansu na Shaanxi, walipima watoto karibu 20,000 wa shule za msingi, waliopewa miwani bure matokeo yao ya hesabu yakapanda kuliko wenzao wasiopewa, na hapo walioivaa kila siku hawakuwa wote. Baltimore, Marekani, utafiti uliotoka 2021 ulionyesha mwaka wa kwanza watoto walipanda, hasa waliokuwa wanashika mkia, lakini ile faida haikudumu mwaka wa pili, na watafiti wakataja kwamba huenda watoto waliacha kuvaa. Hili la Baltimore nalitaja kwa makusudi kwa sababu linampa yule mzee nusu ya hoja yake. Ukigawa ukaondoka, inakufa. Inatakiwa mtu wa kubaki, fremu ya akiba, na fundi anayepita kila muhula kukaza skrubu, na hivyo vyote ni vitu vidogo ambavyo kambi ya siku moja haina.

Sasa nani alipe, hapa ndo mambo yanapokwama. Kwa katiba yetu ya 2010 hospitali, ukiacha zile kubwa za rufaa za kitaifa, ni za kaunti, shule za msingi ni za serikali kuu. Jicho la mtoto wa gredi 4 linaanguka katikati, huyu anasema ni la elimu, yule anasema ni la afya. Lakini chekechea iko chini ya kaunti. Mwalimu wa PP1 na PP2 ni wa kaunti, nesi wa zahanati iliyo jirani ni wa kaunti pia, mwajiri mmoja. Kilifi, kaunti yetu sisi wa Malindi, na Lamu zikitaka kuanza hapo hazihitaji kumsubiri mtu wa Nairobi. Na umri wenyewe ndo ule ule unaotakiwa, kwa sababu kuna jicho linaloitwa jicho vivu, ambalo ubongo unalizoea kutolitumia, likishikwa mapema kwa miwani na kufunika lile zima kwa saa chache linarudi, likiachwa mtoto akapita miaka saba minane kulirudisha kunakuwa kugumu sana, na huko ukubwani miwani peke yake haitoshi. Kumpima mtoto asiyejua kusoma si kazi ya ajabu, kuna chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, mtoto anaonyesha kwa vidole zimeelekea wapi. Mwalimu anafundishwa kwa muda mfupi, wa kumthibitisha ni mtaalamu wa macho atakayekuja baadaye kuwaona wale wachache tu walioshindwa.

Na chakula? Chakula kitangulie, sina ubishi. Ila shule yetu uji upo tangu mwaka juzi, mpwa wangu alikuwa anaunywa kila asubuhi, halafu anaingia darasani kutoa 6 kwenye 48.

Kikao kijacho ni mwezi ujao, na nimeshamwomba mwenyekiti anipe dakika tano. Nitakwenda na lile daftari, nitampa yule mzee mkononi, nimwombe azisome zile hesabu kwa sauti. Mdogo wake mpwa wangu yuko PP2 sa hivi, juzi nimemwona anakunja jicho moja akitazama runinga. Hajapimwa na mtu.