Nauli ya mzigo uliorudi

Kila anayenunua kitu mtandaoni Dar es Salaam amewahi kupewa ushauri wa maneno matatu: usilipe kabla hujapokea. Muuzaji wa Instagram akiandika "malipo kwanza" chini ya picha ya viatu, huitwa tapeli kwenye maoni kabla hata ya kuulizwa bei. Ushauri huo una sababu, na sababu zenyewe ni nzito. Ila una gharama pia, na anayeibeba mara nyingi ni mteja mwaminifu anayepokea simu ya boda na kutoka getini kwa wakati.

Tuanze na woga, maana haukuzuka hewani. Pesa ikitumwa kwenye namba binafsi humfikia mpokeaji papo hapo, na anaweza kuitoa kwa wakala kabla mtumaji hajamaliza kuandika "nimetuma". Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba, na pesa ikishatolewa hakuna cha kurudisha. Laini yenyewe huenda ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Ukurasa wenye wafuasi 80,000 unaweza kuwa umenunuliwa pamoja na wafuasi wake: jana uliposti mapishi, leo unauza simu. Jumia, duka kubwa la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na sehemu kubwa ya biashara hii imebaki kwa wauzaji wadogo wa Instagram na WhatsApp wanaochukua mzigo Kariakoo. Wengi wao hawana kaunta ya kwenda kugombea. Mtu aliyelizwa 150,000 mara moja hawezi kuambiwa "amini tu".

Sasa tumsikilize wa upande wa pili, kwa sababu yeye hasikilizwi.

Tuseme muuzaji anachukua viatu Kariakoo kwa shilingi 25,000 na kuviuza 35,000. Boda wa kupeleka Tegeta au Mbagala anataka 7,000, na mteja ndiye anayeilipa pamoja na bei akipokea. Hapo kila mtu yuko sawa. Lakini boda akifika, simu haipatikani. Au inapatikana na jibu ni "niko kazini, niletee kesho". Au mteja anaviangalia na kusema rangi kwenye picha ilikuwa imekolea zaidi. Boda hajali nani ana makosa: amekwenda, anadai 7,000 yake, na kurudisha mzigo anaongeza 3,000. Oda moja iliyoshindikana imemla muuzaji 10,000, yaani faida yote ya pea moja iliyouzwa vizuri.

Swali ni ngapi hushindikana. Wauzaji wadogo hawachapishi hesabu zao, ila ipo kampuni moja kubwa iliyolazimika kuzitoa hadharani. Jumia ilipoingia soko la hisa la New York Aprili 2019, waraka wake kwa wawekezaji ulisema kuwa mwaka 2018 oda zenye thamani ya asilimia 14.4 ya mauzo yote ama hazikufika kwa mteja ama zilirudishwa. Mwezi uliofuata Citron Research, kampuni iliyokuwa ikipata faida hisa ilizozishambulia zikishuka, ikatoa nyaraka za Oktoba 2018 ambamo oda zilizorudishwa, zilizoshindwa kufikishwa au zilizofutwa zilikuwa asilimia 41. Jumia ilisimama na waraka wake. Wengi walibishana nani mwongo.

Kwa anayetaka kuielewa biashara hii, ubishi huo si muhimu kuliko namba zenyewe, kwa sababu hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza inapima thamani ya pesa, ya pili inahesabu oda. Ya pili inaingiza zilizofutwa, na oda iliyofutwa kabla haijatoka stoo haina nauli. Tuzipitishe zote kwenye viatu vyetu, kama kipimo tu cha mipaka miwili. Katika oda 100, zikishindikana 14 na zote ziwe zilishatoka, muuzaji anapata faida ya 860,000 kwa pea 86 alizouza na kupoteza 140,000 kwa boda. Anabaki na 720,000. Zikishindikana 41 na zote ziwe zilitoka, anapata 590,000, anapoteza 410,000, anabaki na 180,000, ambayo bando na matangazo ya kulipia yanaweza kuimaliza. Tukiwa wapole, tukasema kati ya hizo 41 ni 20 tu zilizotoka dukani na nyingine zilifutwa mapema, anabaki na 390,000.

Anayepata 180,000 au 390,000 pale alipotarajia karibu milioni atafanya nini? Atapandisha bei. Kuifidia hasara ya 140,000 kwa wanunuzi 86, kila mmoja anaongezewa takriban 1,630. Kuifidia 200,000 kwa wanunuzi 59, ni 3,390. Kuifidia 410,000 kwa hao hao 59, ni karibu 6,950, yaani sawasawa na nauli nyingine ya Tegeta. Na angalia ni nani anayeongezewa. Yule aliyezima simu hakulipa chochote. Aliyesema "niletee kesho" hakulipa chochote. Pesa inatoka kwa waliopokea. Kila anayesifu "lipa ukipokea" kwamba ni bure anapaswa kuitafuta 3,390 hiyo ndani ya bei ya viatu vyake, maana imo.

Ndiyo maana ukurasa mmoja unaweza kuuza kitu kilekile, kutoka duka lilelile la Kariakoo, kwa 32,000 ukilipa kwanza na 36,000 ukilipa mlangoni. Wengi huona hiyo 32,000 ni chambo. Inaweza kuwa chambo. Inaweza pia kuwa bei halisi ya kiatu kisichobeba nauli ya watu wengine.

Kuna jambo la pili linalosahaulika, nalo ni usalama wenyewe: malipo ya mlangoni yanalinda nini hasa? Anayekuja si muuzaji. Ni boda mwenye vifurushi vingine vitano, amesimama juani, hajui chochote kuhusu mzigo, na mara nyingi ameambiwa achukue pesa kabla ya mfuko kufunguliwa. Ukipata bahati utapewa dakika tatu. Dakika tatu zinatosha kwa nguo, viatu, sufuria na mapazia, vitu ambavyo kasoro yake inaonekana kwa macho au kwa kujaribu. Kwa simu zinatosha nusu: bonyeza *#06#, pata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, itume kwenda 15090, na majibu yatakuambia hiyo ni simu ya aina gani. Yakisema aina tofauti na iliyoandikwa mgongoni, irudishe. Lakini betri iliyochoka haitajulikana pale getini. Flashi ya bei chee iliyoandikwa TB 2 inaweza kufungua mafaili machache vizuri kabisa, kisha ikaanza kuyala yale yanayozidi ujazo wake wa kweli. Kuipima sawasawa kunahitaji kuijaza yote na kuisoma upya, kazi ya saa nyingi.

Pawabenki ndiyo kesi inayofundisha zaidi. Seli moja ya duara ya aina ya 18650, zile zinazojazwa ndani ya pawabenki nyingi, ina uzito wa gramu 45 hivi, na iliyo bora hubeba takriban mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji). Pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 inahitaji seli sita kama hizo, karibu gramu 270 kabla ya ganda na waya. Inayodai mAh 50,000 inahitaji seli 15, yaani gramu 675 za seli peke yake. Ukiletewa "50,000" inayoingia mfuko wa shati, hakuna haja ya kuichaji. Ila tazama: uzito ungeweza kuuliza kabla ya kuagiza, kwa kumwomba muuzaji aiweke juu ya mizani ya jikoni mkiwa kwenye simu ya video. Kilichokulinda ni swali, wala si kulipa mlangoni. Na aliyelipa mlangoni bila kuuliza ameibiwa vilevile, tena kwa utulivu.

China walilikabili tatizo hili mapema. Soko la mtandaoni la Taobao lilipoanza 2003, mnunuzi hakumwamini muuzaji na muuzaji hakumwamini mnunuzi, na Alipay ikazaliwa mwaka huohuo kama mahali pa kuweka amana: mnunuzi analipa, pesa inakaa katikati, muuzaji anatuma, na pesa inaachiliwa mnunuzi akithibitisha kupokea. India ilikwenda njia nyingine, duka la mtandaoni la Flipkart likaanza kupokea pesa mlangoni 2010, na biashara ikakua pia. Kwa hiyo hakuna njia moja iliyoandikwa mbinguni. Ila anayeagiza AliExpress, soko la mtandaoni la China, kutoka hapa anatumia mfumo wa amana kila siku bila kuuita hivyo, na analipa kwanza bila kulalamika. Anapoumia, mara nyingi ni kwa sababu ametoka nje ya mfumo: muuzaji amemwambia wamalizane WhatsApp kwa bei pungufu, au amembembeleza abonyeze "nimepokea" kabla mzigo haujafika. Ukibonyeza, amana imeachiliwa.

Lipa namba zetu si amana. Hili lisemwe wazi kwa sababu wauzaji wengine hulitumia kama kinga: "lipa kwenye lipa namba, ni salama." Pesa inamfikia muuzaji palepale. Faida yake ni ndogo lakini ya kweli: jina la biashara linatokea kabla hujaweka namba ya siri, na jina hilo unaweza kulilinganisha na la ukurasa. Likitokea jina lisilohusiana kabisa, simama hapo. Baada ya jina, nenda kwenye vidoti vitatu vya ukurasa wa Instagram, ufungue taarifa za akaunti. Kwa kurasa nyingi utaona ilifunguliwa lini, iko nchi gani, na imebadilisha jina mara ngapi. Ukurasa wa 2017 uliobadilisha jina mara tano, na mara ya mwisho ni mwezi uliopita, una historia ambayo wewe hukuambiwa. Kisha omba video, si picha: kitu chenyewe, pembeni yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Muuzaji mwenye mzigo mkononi huimaliza kazi hiyo kwa dakika moja. Asiye nao ataanza hadithi.

Katikati ya "lipa kwanza" na "lipa ukipokea" kuna mpango ambao baadhi ya wauzaji wa Dar wanautumia, na mimi naona ndio unaogawa hatari kwa haki: mteja analipa nauli ya boda kwanza, bei ya kitu analipa akishakifungua. Katika mfano wetu mteja anahatarisha 7,000, si 42,000. Muuzaji naye halali njaa mteja akizima simu, hasara yake inabaki 3,000 ya kurudisha. Zaidi ya yote, mtu aliyekwisha lipa 7,000 hutoka getini. Masharti yaandikwe kwenye WhatsApp kabla boda hajaondoka, tena kwa sentensi fupi: nitafungua kabla ya kulipa, kikiwa tofauti na video nauli inarudi kwangu, nikikataa bila kasoro nauli ni ya boda. Atakayelalamika kwamba tapeli naye anaweza kukusanya 7,000 za watu amesema kweli. Atahitaji tu kuwatapeli sita ili apate alichokuwa akikipata kwa mmoja, na ukurasa wake utajaa kelele mapema zaidi. Namba yake itumwe 15040, wanakopokea taarifa za utapeli wa simu.

Wa mikoani hawana hata anasa ya kubishana haya. Mzigo wa Songea au Bukoba unapelekwa stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, unakabidhiwa basi, na konda hakusanyi bei ya viatu vya mtu. Mteja wa huko amelipa kwanza miaka yote. Anachoweza kudai ni ushahidi, na adai wote: video ya mzigo ukifungwa na jina lake likiandikwa juu, picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na namba za gari, simu ya wakala wa stendi utakaposhushwa mzigo, na thamani ya mzigo iandikwe kwenye risiti, maana ukipotea bila thamani kuandikwa, basi litabishania fidia hadi uchoke. Kwa kitu cha zaidi ya 100,000 ni afadhali kuagiza kidogo kwanza, hata kava la simu, kuona kama risiti inakuja siku ileile au inakuja na maelezo.