Aliyepunguzwa tumbo atarajie kilo ngapi?

Anayefunga safari kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam kupunguzwa tumbo, yaani upasuaji unaolifanya tumbo la chakula kuwa dogo ili mtu ale kidogo na akonde, huwa tayari ana namba ya kilo kichwani, mara nyingi uzito aliokuwa nao kabla ya mtoto wa kwanza. Daktari naye ana namba yake. Tatizo ni kwamba namba hizi mbili mara nyingi hazisemwi kwa sauti.

Utafiti mmoja wa Boston, uliotolewa 2013, uliwauliza wagonjwa waliokuwa wakiwaza kufanyiwa upasuaji huu. Kwa wastani walitarajia kupoteza asilimia 38 ya uzito wao, na wangesikitika wakipoteza chini ya asilimia 26. Tuseme mama wa Ujiji ana kilo 120: anaota kilo 74, na akibaki juu ya 89 ataona amepoteza fedha. Sasa tazama utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987. Waliounganishwa utumbo na sehemu ndogo ya tumbo, ambayo ni aina moja ya upasuaji huu, walishuka uzito kwa asilimia 32 katika mwaka mmoja au miwili ya kwanza, lakini baada ya miaka 10 punguzo lilikuwa asilimia 25. Mama yetu angefika 82, kisha apande hadi 90. Matokeo ambayo madaktari huyahesabu kuwa mazuri yanaangukia palepale anapoanza kusikitika.

Wapo wanaosema daktari asimvunje moyo mgonjwa, kwa sababu tumaini ndilo lililomfikisha hospitali. Wana hoja: zipo tafiti ambazo hazikuona kwamba wenye ndoto kubwa hupungua kidogo kuliko wengine. Wengine wanasema asiyeambiwa ukweli ataona aibu kilo zikirudi, na mwenye aibu huacha kliniki. Mimi nasimama na hawa wa pili, kwa sababu ya hicho kinachofuata baada ya mwaka wa pili.

Dawa za vitamini na madini ni za maisha, na damu lazima ipimwe, la sivyo upungufu wa damu huingia polepole. Kwa mtu wa Kigoma, kurudi kwa mpasuaji ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Chakula nacho kina pande mbili. Migebuka na dagaa vinampa protini anayoihitaji mno, ilhali ugali wa muhogo una protini kidogo sana, na kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori karibu 120 ambazo tumbo dogo halizizuii. Halafu kuna majirani: ukikonda haraka watakuuliza unaumwa nini, na ngozi inayolegea tumboni na mikononi huwapa la kusema zaidi.

Faida ipo, tena kubwa. Kwa wengi sukari hushuka hata kabla kilo hazijapungua sana, presha hutulia, magoti hupumua. Mwenye kilo 90 anayepanda mlima wa Mwanga pale Kigoma bila kusimama amepona kwa namna ambayo mizani haiwezi kuonyesha. Ila hataiona faida hiyo kama aliahidiwa 74.

Ningependa fomu ya ridhaa iwe na mistari mitatu mipya: kilo zinazotarajiwa mwaka wa pili, kilo za mwaka wa 10, na hospitali ya karibu, kwa mfano Maweni ya Kigoma, atakakopimwa damu. Ijazwe mbele ya mgonjwa na ndugu aliyemsindikiza, kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa.