Kitabu Ambacho Mircea Eliade Hakukiandika

Tarehe 17 Desemba 1937, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu wa Romania, gazeti la Buna Vestire la mjini Bucharest lilichapisha makala yenye jina la Mircea Eliade. Kichwa chake kilitangaza kwamba mwandishi ataeleza kwa nini anaamini ushindi wa harakati ya Lejio. Ndani yake taifa linaelezwa kama mgonjwa anayeoza kwa umaskini na kaswende, aliyevamiwa na Wayahudi na kuraruliwa na wageni, na tiba inayotolewa ni Codreanu, kiongozi wa Lejio, na vijana wake. Eliade alikuwa na umri wa miaka 30. Alikuwa tayari ni mwandishi wa riwaya mashuhuri nchini mwake, na alifundisha Chuo Kikuu cha Bucharest.

Lejio ya Malaika Mkuu Mikaeli ilianzishwa na Corneliu Zelea Codreanu mwaka 1927, na baadaye ikajulikana zaidi kwa jina la Walinzi wa Chuma. Wanachama wake walivaa mashati ya kijani, walifunga na kuomba, waliimba kuhusu kifo kama watu wanaoimba kuhusu harusi. Na waliua. Desemba 1933 walimpiga risasi waziri mkuu Ion Duca kwenye stesheni ya treni ya Sinaia. Kwa hiyo aliyewaunga mkono mwaka 1937 hakuwa na haki ya kusema hakujua. Katika uchaguzi ule chama chao kilishika nafasi ya tatu kwa karibu asilimia 16 ya kura.

Naanza na tarehe hizi kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tuliosoma elimu ya dini tulikutana na Eliade mwingine kabisa. Tulikutana na profesa wa Chicago, aliyefika Marekani mwaka 1956 akabaki huko hadi kifo chake mwaka 1986, mtu aliyetufundisha kutazama mlima, mti, kizingiti cha nyumba na mwaka mpya kama milango ambayo utakatifu hupitia kuingia katika maisha ya kawaida. Vitabu vyake kuhusu yoga, visasili na uganga wa watu wa Siberia vilisomwa na watu ambao hawajawahi kuingia darasa la teolojia. Ensaiklopidia ya dini aliyoisimamia ilitoka mwaka 1987 katika majuzuu 16. Kiti cha uprofesa pale chuoni kilipewa jina lake angali hai.

Mimi ni mmoja wa waliofungua macho kwa vitabu hivyo, na sitaki mtu yeyote avitoe maktabani. Ninachokilalamikia ni kingine. Kati ya mwaka 1945, vita vilipokwisha, na mwaka 1986, alipofariki, Eliade aliishi zaidi ya miaka 40 akiwa na afya, kalamu, jukwaa na wasomaji wa dunia nzima. Aliandika juu ya karibu kila dini iliyowahi kuacha alama. Juu ya dini moja aliyoiona kwa karibu kuliko zote, dini ya mashati ya kijani, hakuandika kitabu. Hiyo ndiyo hasara ninayoiona kubwa kuliko makala yenyewe ya 1937.

Watetezi wake wana hoja, na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni kwamba hakuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1934 rafiki yake Mihail Sebastian, mwandishi Myahudi, alimwomba mwalimu wao wa pamoja, Nae Ionescu, amwandikie dibaji ya riwaya yake. Ionescu akaandika dibaji iliyosema Myahudi hana budi kuteseka kwa kuwa ni Myahudi. Eliade alijitokeza hadharani kumpinga mwalimu wake kwa hoja za kiteolojia: hakuna mwanadamu anayeweza kumfungia Mungu mlango wa rehema. Ulikuwa msimamo wa heshima. Ndiyo maana yaliyofuata miaka mitatu baadaye yanauma zaidi. Aliyejua kujibu hoja ile hakupotoshwa na ujinga.

Hoja ya pili ni kwamba makala ile pengine hakuiandika yeye, bali watu wa gazetini. Lakini ile haikuwa makala ya pekee. Zipo nyingine za miaka hiyo zenye mwelekeo uleule, na shajara ya Sebastian inamwonyesha akishiriki kampeni za Lejio. Julai 1938 serikali ya Mfalme Carol ilimkamata na hatimaye kumpeleka kambi ya Miercurea Ciuc. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitakiwa kusaini tamko la kujitenga na Lejio, akakataa. Aliachiwa Novemba kwa sababu ya afya. Baadaye alitumikia ubalozi wa nchi yake London, kisha Lisbon, na mwaka 1942 akachapisha kitabu cha kumsifu Salazar, dikteta wa Ureno. Mtu aliyeponyokwa na makala moja usiku mmoja haendi safari ndefu namna hii.

Ya tatu ndiyo inayonigusa kama mtu wa huku kwetu: marehemu hasemwi vibaya, na mwanafunzi hamuumbui mwalimu wake. Naiheshimu adabu hiyo. Lakini adabu inawadai na walio hai kumsema vizuri marehemu aliyeuawa. Januari 1941 Walinzi wa Chuma, waliokuwa serikalini tangu Septemba iliyotangulia, waliasi dhidi ya mkuu wa serikali hiyo, Jenerali Antonescu. Katika siku za uasi huo waliwaua Wayahudi wa Bucharest zaidi ya 120, baadhi yao katika machinjio ya mji. Eliade hakuwepo, alikuwa Uingereza. Hakuna anayemtuhumu kwa damu ile. Lakini waliokuwa na visu walikuwa vijana wa harakati aliyoiita ufufuko wa taifa, na wale waliokufa nao wana haki ya kutajwa kila tunapomtaja yeye.

Sasa turudi kwenye vitabu, maana huko ndiko jambo hili linapokuwa zito. Mwaka 1949, akiwa mkimbizi Paris, alichapisha kitabu chake maarufu juu ya kurudi kwa milele. Ndani yake anazungumzia hofu ya historia. Watu wa kale, anasema, waliweza kubeba mateso kwa sababu waliyaona kama marudio ya kielelezo kitakatifu. Mtu wa leo amebaki uchi mbele ya matukio yasiyo na maana. Ni kurasa nzuri, na niliposoma mara ya kwanza nilizipigia mistari karibu zote. Nikizisoma leo naona kitu ambacho sikukiona. Katika kurasa zile historia inawaangukia watu kama mafuriko. Watesi hawana sura wala majina, wala hawakupiga kura, wala hawakuandika makala gazetini. Kuna wanaoteseka, kuna maana ya mateso, na katikati pale ambapo angekaa muuaji pako wazi.

Sisemi kwamba nadharia yake yote ni ufashisti uliovalishwa kanzu. Wako wasomi waliosema hivyo, na naona wamekwenda mbali. Mlima mtakatifu haukubuniwa na Codreanu. Lakini pale nadharia inapomfundisha msomaji kwamba kifo cha dhabihu hujenga, kwamba asili ni bora kuliko wakati, kwamba mkulima asiyeguswa na historia ndiye mtu kamili, ni haki yangu kujua kwamba mwandishi wake aliwahi kuyasikia maneno hayohayo yakiimbwa barabarani, na akayapenda.

Na jambo hili linatufikia hata sisi wa pwani. Katika maelezo yake ya miungu wa mbinguni waliojitenga na kuwaachia wanadamu dunia, Eliade anawataja Wagiriama, kwamba kwao Mulungu yuko juu na mizimu iko chini. Aliipata habari hiyo vitabuni, kama alivyozipata habari nyingi za Afrika, ili apate mfano wa Mungu aliyestaafu. Lakini wazee wa kaya za Mijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, humwomba Mulungu mvua, na mtu haombi mvua kwa aliyekwisha ondoka. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, aliwalaumu wataalamu wa dini wa Magharibi kwa kuivalisha miungu ya Afrika mavazi ya kigeni ili itumike katika mabishano yao. Eliade alihitaji mtu wa kale asiye na historia, na sisi tulikuwa karibu.

Kuna ushahidi mwingine wa namna alivyozipima siri. Alipokuwa India kuanzia mwaka 1928, aliishi kwa muda Calcutta nyumbani kwa mwalimu wake, mwanafalsafa Surendranath Dasgupta, akampenda binti wa nyumba ile. Alipogunduliwa akafukuzwa. Mwaka 1933 alitoa riwaya kuhusu mapenzi hayo, na kichwa chake ni jina halisi la binti: Maitreyi. Ikamletea umaarufu. Maitreyi Devi mwenyewe, mshairi wa Kibengali, alijibu mwaka 1974 kwa kitabu chake kinachokana sehemu za simulizi ile, na mwaka 1976 kikapata tuzo ya Sahitya Akademi. Kwa hiyo mtu huyu alijua kuandika habari za siri za nyumba aliyokaribishwa, kwa majina. Zilipofika siri zake za kisiasa, ghafla akawa msahaulifu.

Mwaka 1972 jarida moja la Israeli lilichapisha habari za uhusiano wake na Walinzi wa Chuma. Gershom Scholem, mtaalamu mkubwa wa fumbo la Kiyahudi na rafiki yake, alimwandikia barua akimwomba aeleze. Nafasi kama ile mtu hapewi mara mbili. Kaulizwa na rafiki, kwa heshima, faraghani. Eliade akajibu kwamba hakumbuki kuandika ukurasa hata mmoja wa propaganda ya Lejio. Kumbukumbu zake za maisha, juzuu ya pili iliyotoka baada ya kifo chake, bado zinaisifu harakati ile kama ya kimaadili na kidini zaidi kuliko ya kisiasa.

Wenzake hawakunyamaza wote. Eugène Ionesco, aliyewaona marafiki wa Bucharest wakibadilika mmoja baada ya mwingine, alitoa mwaka 1959 tamthilia ya mji ambao watu wake wanageuka vifaru. Mwanafalsafa Emil Cioran, rafiki mwingine wa enzi zile, aliyeandika mambo mabaya kuliko Eliade, aliandika baadaye kwa mshangao na aibu juu ya wazimu wa ujana wake. Si ungamo kamili, lakini ni kitu cha kuanzia.

Mzigo wa Eliade uliwaangukia wanafunzi wake. Ioan Petru Culianu, kijana aliyetoroka Romania na kuwa mrithi wake pale Chicago, alianza kwa kumtetea, kisha akaanza kuchimba. Tarehe 21 Mei 1991 aliuawa kwa risasi katika choo cha jengo la kitivo cha teolojia. Muuaji hajapatikana hadi leo. Bruce Lincoln, aliyefundishwa na Eliade, alizichambua makala za Kiromania za miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu mwaka 2023, akieleza pia habari za Culianu. Nilipokisoma niliona kazi ya mwanafunzi anayelipa deni la mwalimu, na nilimheshimu.

Wanaosema haya ni makaburi ya zamani waitazame Romania yenyewe. Novemba 2024 Călin Georgescu, aliyewahi kumtaja Codreanu miongoni mwa mashujaa wa taifa, aliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais. Mahakama ya Katiba iliyafuta matokeo tarehe 6 Desemba kwa sababu za mwenendo wa kampeni, lakini kura zilikuwa zimepigwa. Mtu mmoja angeweza kuwaeleza vijana wale, kwa elimu na kwa uzoefu, jinsi njaa ya utakatifu inavyoweza kugeuzwa kuwa njaa ya damu. Alijua njia yote, kituo kwa kituo. Alichagua kutoiandika.

Nikiulizwa na mwanafunzi aanze wapi, simpi Eliade kwanza. Nampa shajara ya Mihail Sebastian. Inaanza mwaka 1935 na kuishia mwaka 1944. Sebastian aliokoka vita, akagongwa na lori barabarani Bucharest Mei 1945. Shajara ilitolewa nchini kwa siri na ndugu yake, na haikuchapishwa hadi mwaka 1996, Eliade akiwa ameshakufa miaka 10. Kuna kurasa ambamo Sebastian anajaribu kwa nguvu zake zote kutompoteza rafiki, akijiambia kwamba siasa zitapita na urafiki utabaki. Mwanafunzi akimaliza hizo ndipo namkabidhi kile kitabu cha 1949, na namwomba aweke alama kila mahali panapotajwa mateso bila kutajwa aliyeyatenda.