Kinasi inapopungua kasi kwenye joto, je, imeharibika?

Maelezo mengi ya biokemia hulitwika joto kazi mbili tu juu ya vimeng'enya: kuviharakisha hadi kikomo fulani, kisha kuviharibu. Kinasi za protini, vimeng'enya vinavyochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, huingizwa katika maelezo hayohayo bila kuulizwa. Mtazamo wa pili unadai kwamba baadhi ya kinasi hubadili umbo ndani ya joto la kawaida la mwili, na kwamba badiliko hilo ni taarifa ambayo seli huitumia. Wengi huusikia mtazamo huu na kudhani unakanusha ule wa kwanza, jambo ambalo si kweli.

Mtazamo wa kwanza una ushahidi mzito. Kinasi ina sehemu mbili, ndogo juu na kubwa chini, na ATP hukaa katika ufa ulio kati yao. Joto likizidi, viunganishi dhaifu vinavyolishikilia umbo hilo huachia, protini hukunjuka na kugandana na nyingine. Kinasi nyingi ni dhaifu kiasi kwamba hutegemea protini saidizi Hsp90 na mwenzake Cdc37 ili zisimame imara. Aidha, mwaka 1970 Steven Martin alieleza kirusi cha Rous, kinachosababisha saratani kwa kuku, chenye badiliko la kijeni: seli zilizoambukizwa zilionekana za kisaratani katika joto la chini, lakini lilipopandishwa zikarudia hali ya kawaida. Baadaye ilithibitika kwamba protini iliyohusika, Src, ni kinasi, na kwamba badiliko hilo liliifanya ishindwe kazi kwenye joto. Mtu aliyelelewa na mifano ya namna hii ana haki ya kuona kushuka kwa utendaji na kufikiri kwanza juu ya uharibifu.

Hata hivyo, tuangalie hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo hoja inapopita bila kukaguliwa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kasi ya kimeng'enya huongezeka mara 2 hadi 3 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Joto la mwili wa binadamu hupanda na kushuka kwa takribani nyuzi 1 kati ya usiku na mchana. Tukichukua mara 2, nyuzi 1 huleta ongezeko la asilimia 7 hivi. Tukichukua mara 3, asilimia 12. Homa ya nyuzi 2 juu ya kawaida ingeleta asilimia 15 hadi 25. Tena hata kiasi hicho kidogo hakionekani chote, kwa kuwa fosfeti inayobandikwa na kinasi hubanduliwa na vimeng'enya vingine, fosfatasi, na fosfatasi nazo huharakishwa na joto lilelile. Ikiwa pande zote mbili zinaongeza kasi kwa uwiano mmoja, idadi ya protini zenye fosfeti hubaki palepale. Kwa hiyo, anayesema joto huongeza kasi tu anapaswa kutarajia kwamba nyuzi 1 haitaleta badiliko lolote la maana katika seli.

Kinachoonekana ni tofauti kabisa. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Berlin lilionyesha kwamba kinasi za jamii ya CLK hubandika fosfeti nyingi zaidi mwili unapopoa na chache zaidi unapopata joto, ndani ya kadiri ileile ya joto ambayo mwili huishi nayo kila siku. Chanzo kiko katika kipande cha kinasi kiitwacho utepe wa uamilishaji, kilicho karibu na mlango wa ule ufa, ambacho hujipanga upya joto linapobadilika. Walengwa ni protini za SR, ambazo huongoza ukataji na uunganishaji wa RNA, nakala ya maagizo ya jeni, na hivyo badiliko dogo katika utepe mmoja hufika hadi kwenye orodha ya protini ambazo seli nzima inatengeneza. Jambo hili hutokea hata kwa kinasi iliyosafishwa na kuwekwa peke yake kwenye neli ya majaribio, na hugeuka: ukishusha joto, utendaji unarudi. Protini iliyokunjuka na kugandana hairudi namna hiyo. Kwangu, urejeo huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Kinasi CK1, inayopanga mwendo wa saa ya ndani ya mwili, hufanya kazi yake ya saa kwa kasi ambayo karibu haibadiliki joto linapopanda. Si kwamba joto haliigusi, bali mshiko wake juu ya protini lengwa hulegea kadiri joto linavyoongezeka, na kulegea huko kunafuta faida ya mwendo wa haraka. Laiti ingekuwa vinginevyo, siku ya homa saa hiyo ingekimbia.

Wapinzani wana hoja mbili ninazozikubali. Kwanza, ndani ya seli, joto hugusa pia utando wa seli, kiasi cha ATP na mikunjo ya protini nyingine. Kinasi za p38 na JNK huamka kwenye joto kali, lakini hilo peke yake halizifanyi kuwa vipimajoto. Pili, CLK ni kinasi nne tu kati ya zaidi ya 500 za binadamu, na kuzisemea zote kwa ushahidi wa nne ni kuvuka mpaka.

Lakini hoja hiyo ya pili inawageukia wenyewe. Vipimo vingi vya kinasi hufanywa katika nyuzi 30 au katika joto la chumba, yaani kiwango kimoja tu cha joto kilichochaguliwa kwa urahisi wa kazi. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuitambua kinasi inayogeuka kati ya 35 na 38, hata kama ipo mezani. Pima kinasi hiyo katika 34, 36 na 38, kisha irudishe 34 na uipime tena. Ni kipimo hicho cha mwisho kitakachoonyesha kama iliharibika au iligeuka, na ndicho kinachoachwa mara nyingi.